Bwana Sweta na Mpiga Pasi

Haya, wajukuu, sogeeni niwatege kabla sijaanza. Mgeni wangu alikuja kwangu mchafu. Nikamzamisha majini, nikamkamua mpaka akatiririka, nikamtundika juani kutwa nzima, kisha nikamlaza mezani nikampitishia moto mgongoni. Alipoondoka alikuwa anang'aa, wala hakuninung'unikia hata kidogo. Ni nani huyo?

Nani kasema mgonjwa? Mgonjwa gani huyo wa kutundikwa! Nipeni mji basi. Haya, nimeshapewa, nimekula nimeshiba. Ni shati, wanangu. Shati lililopelekwa kwa dobi. Na hadithi yenyewe iko huko huko kwa dobi, penye mvuke na harufu ya sabuni, na mwenye shida ndani yake ni mpiga pasi.

Duka lile lilikuwa na chumba cha mbele, chumba cha nyuma na ua. Uani kulikuwa na karo la saruji, mabeseni, na kamba zilizovuka huku na huku hata mtu mrefu akipita sharti ainame. Hapo alitawala mwenye duka, mjane mnene mwenye mikono ya nguvu, ambaye wateja walimwita Mama Povu. Mbele, kwenye kaunta, alikaa mdogo wake, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, akipokea nguo na kuzigawa. Na chumba cha nyuma kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na nyuma ya meza hiyo alisimama bwana mmoja mwembamba, naye mfiwa, mkewe akiwa ametangulia miaka mingi. Walimwita Mistari. Suruali ikipita mikononi mwake, ule mstari wa mbele unasimama wima, unaweza kuukatia mche wa sabuni.

Kwa dobi watu hawana majina, wana nguo. Mteja akiingia, mdogo mtu anapaza sauti: "Dada, Suti Kijivu amefika!" au "Yule Mashuka ya Maua anauliza!" Na ili mzigo wa huyu usiingie kwa yule, Mama Povu alishona uzi mdogo ndani ya kola, kila mteja rangi yake. Ukimwonyesha uzi tu, hata usiku wa manane, angekwambia nguo ni ya nani, inachujuka au haichujuki, na mwenyewe anatoka jasho upande gani.

Sheria ya duka ilikuwa moja, aliiacha marehemu mumewe: nguo ya mteja haivaliwi. Alikuwapo mfanyakazi mmoja zamani aliyeazima suti ya watu akaenda nayo harusini. Kumbe bwana harusi ndiye mwenye suti. Alirudi nyumbani na bukta, na kazi akaikosa.

Sasa, kila Ijumaa alasiri kazi pale dukani ilipunguza mwendo. Juu ya kabati la sabuni kulikuwa na televisheni ndogo, na saa kumi ilianza tamthilia yao, ile ya Kimbunga. Huyo Kimbunga ni kijana anayeruka angani na joho jekundu. Akipuliza pumzi moja, magari ya majambazi yanapeperuka kama makaratasi. Mdogo mtu alimpenda mpaka akawa hasikii mteja akigonga kaunta.

"Mtazame kifua kile, dada! Kipana kama mlango wa benki!"

"Kifua anacho," Mama Povu alimjibu, "lakini anaacha taulo sakafuni. Nimemwona kwa macho yangu."

Mama Povu hakuwa na habari na Kimbunga. Mtu wake alikuwa mwingine: msimamizi wa lile jengo alimopanga Kimbunga. Mfupi, ana upara, magoti yake mabovu, na wiki hadi wiki amevaa sweta lile lile la kahawia lenye vifungo vya mbao. Bila shaka kwenye tamthilia ana jina, lakini kwa dobi aliitwa Bwana Sweta, basi. Katika saa nzima huenda akaonekana mara mbili, anabadilisha balbu au anafagia ngazi. Lakini kila jioni anapanda mpaka juu, ghorofa kwa ghorofa, huku ameshika kiuno, anafungua komeo la mlango wa paani, anaurudishia bila kuufunga. Basi. Ni ili kijana akirudi kutoka kupigana aingie kama watu, asivunje dirisha. Hakuna aliyemtuma, na hakuwahi kumwambia mtu kwamba anajua.

Kuna siku Kimbunga alirudi amepigwa vibaya, mkono haunyanyuki. Bwana Sweta alimkuta kwenye ngazi. Hakupiga kelele, hakuuliza nani kakufanya hivi. Alipiga magoti yale mabovu, akamfungua kamba za viatu, akavipanga pamoja ukutani, na muda wote anamsimulia habari ya bomba la ghorofa ya tatu linalovuja. Kijana akamwangalia, akamwuliza, "Kwani unajua mimi ni nani?"

"Mpangaji wa chumba cha juu," alijibu Bwana Sweta, akashuka zake.

Mama Povu siku hiyo alijifuta macho kwa aproni iliyolowa sabuni, macho yakazidi kuwasha, akalia mara mbili.

"Nyie mnamtazama anayeruka," alisema. "Mimi namtazama anayefungua mlango. Yule akiruka mji mzima unapiga makofi. Huyu akizipanda zile ngazi na magoti yale, nani anampigia makofi? Na kesho anapanda tena! Na hilo joho je, mnafikiri linajifua? Angalieni ule ukingo wake. Umefuliwa kwa mkono, tena na mtu mwenye subira."

Mistari aliyasikia hayo yote huku pasi ikienda na kurudi. Moyoni, wanangu, alikuwa anamwonea wivu mtu wa kwenye televisheni.

Maana Mistari alimpenda Mama Povu. Alimpenda kimya kimya tangu siku nyingi, mpaka asubuhi moja ya Jumatatu akajikaza kisabuni. Mama Povu alikuwa ameingia chumba cha nyuma na furushi la mashuka begani.

"Mama Povu."

"Naam."

"Nyumba yangu ina vyumba viwili na mtu mmoja."

"Najua. Ulishasema paa lake linavuja."

"Nimeliziba."

"Vizuri. Mvua haina mwenyewe."

Mistari akaiachia pasi, akamgeukia. "Sasa nauliza. Hicho chumba cha pili, na cha kwanza pia, na mimi mwenyewe niliyemo... tukae pamoja? Nikuoe, nasema. Unaonaje?"

Mama Povu akatua furushi. Akamtazama, macho yamemtulia. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni: "Mistari, pasi!"

Pasi ilikuwa imejilaza juu ya shati la mteja wao Karani Mwembamba, moshi unafuka. Wakaliokoa kwa maji, mmoja anavuta huku, mwingine anapepea kule. Bahati nzuri liliungua mkiani, pale panapochomekwa ndani ya suruali. Walipomaliza kuhangaika, kaunta ilikuwa imejaa watu, Mama Povu amekwenda zake uani, na swali limebaki linaning'inia kama soksi iliyosahauliwa kwenye kamba.

Wiki ikasonga. Mama Povu alimwamkia kama kawaida, alicheka kama kawaida, alimletea chai kama kawaida. Juu ya lile jambo, kimya. Mistari hakujua kama kimya kile ni cha kukataa, ama cha kuwaza, ama hakusikia kabisa kwa ajili ya moshi. Kurudia swali aliona haya. Alipungua, suruali yake mwenyewe ikakosa mstari.

"Shemeji, umekunjamana," mdogo mtu alimtania. "Nikunyunyizie maji nikupige pasi?"

"Usiniite shemeji. Sijawa."

"Ahaa! Sijawa! Kumbe kuna kuwa?" Alikwisha kunusa mambo siku nyingi huyo. Akaegemea mlango, akapunguza sauti. "Sikiliza nikwambie. Dada yangu moyo wake uko kwa Bwana Sweta. Ukimtaka dada, jifanye Bwana Sweta."

Alisema kwa mzaha, akarudi kaunta. Lakini mtu aliyeshikwa na mapenzi hana masikio ya mzaha. Mistari akayachukua maneno yale akayakunja vizuri akayaweka.

Pembeni ya meza yake kulikuwa na rafu waliyoiita ya waliosahau. Hapo ndipo nguo zilipongoja wenyewe wasiorudi: gauni la mtu aliyehama, koti la mtu aliyenenepa. Na chini kabisa, limekunjwa safi, kulikuwa na sweta la kahawia la dereva mmoja wa lori. Vifungo vyake vilikuwa vya plastiki, lakini ukilitazama kwa mbali, na ukiwa umekata tamaa kidogo, lilikuwa lile lile.

Ijumaa mchana, Mama Povu akiwa uani, Mistari alilivaa.

Joto, wanangu! Siku yenyewe jua kali, chumba kina mvuke, pasi mbili za moto ziko mbele yake. Jasho likamshuka kuanzia utosini. Mikono ya sweta ilimzidi, ikafika kwenye kucha, ikabidi aikunje kama mtu anayetaka kuchinja. Lakini alisimama wima, akapiga pasi kwa utulivu, akajaribu hata kuchechemea kidogo goti moja.

Mama Povu akaingia na beseni la soksi. Akasimama. Akamtazama usoni, kisha shingoni, kisha shingoni tena, muda mrefu. Mistari akajiambia: limeingia! Hakujua kwamba mwenzake anautazama uzi wa buluu ndani ya kola.

"Unaumwa?" Mama Povu aliuliza.

"Mimi? Niko salama."

"Goti?"

"Ah, kidogo tu. Ni ngazi."

"Ngazi zipi? Unakaa chini."

Mama Povu akaweka beseni, akamtazama mara ya mwisho kama mtu anayengoja kuambiwa jambo, akatoka. Uso wake ulikuwa umefungwa, haufunguki.

Ilikuwa inakaribia saa kumi, mdogo mtu keshapanda juu ya stuli kuwasha televisheni, ndipo akaingia mteja. Mtu wa miraba minne, sauti kama injini. Mdogo mtu akageuka, macho yakamtoka. Hakuhitaji kuuliza ni nani.

"Habari za hapa? Nilipotea kidogo," alisema dereva wa lori. "Kesho alfajiri naondoka, naenda kwenye baridi. Lile sweta langu bado lipo?"

"Lipo, kaka, lipo sana!" mdogo mtu alisema, akakimbilia chumba cha nyuma, akarudishia mlango. "Vua! Vua haraka, mwenyewe huyo hapa! Nitamwambia ulikuwa unalipasha moto. Nitamwambia tunayanyoosha mwilini siku hizi, ni utaalamu mpya!"

Mistari akaanza kuvua. Kitambaa kilikuwa kimelowa, kimemganda. Alipofika kwenye shingo akainua macho, akamwona Mama Povu amesimama mlango wa uani, mikono inachuruzika maji. Hata hasira hakuwa nayo. Alikuwa ametulia tu, anatazama nini kitafuata.

Na hapo, wajukuu, Mistari aliona mlango wa kutokea upo, tena mpana, na mdogo mtu ameushika. Angeweza kupita. Badala yake aliliacha sweta mwilini, akafungua mlango wa mbele, akaenda mpaka kaunta hivyo hivyo alivyo, mikono imekunjwa, jasho linatona.

"Mzee mwenzangu," alisema, "sweta lako hili hapa. Nimelivaa. Hapa dukani haturuhusiwi, na mwenye duka hakunipa ruhusa. Nimelitia jasho. Ukiniruhusu nitalifua sasa hivi kwa mkono wangu, na kesho alfajiri nitakuletea mwenyewe mpaka kwenye lori lako."

Dereva alimtazama juu mpaka chini. Kule juu ya kabati televisheni ikaanza kupiga muziki wa kuanzia.

"Umelivaa kwa nini, na jua hili?"

Mistari akakuna kichwa. "Kuna mtu nilitaka anione vizuri."

"Akakuona?"

"Ameniona, lakini si vizuri."

Dereva aliangua kicheko hata mizani ya kaunta ikatikisika. "Basi lifue! Lakini mikono uliyoikunja uinyooshe, mimi si mtoto." Akatoka huku anacheka mpaka barabarani.

Mistari akapita mbele ya televisheni bila kugeuza shingo, akapita mbele ya Mama Povu bila kuinua macho, akaenda uani. Akachota maji, akayachanganya mpaka yakawa vuguvugu, maana sufi ukiitia maji ya moto inarudi, inanywea mpaka kuwa ya mwanasesere. Akakoroga sabuni laini kwa mkono. Akalizamisha sweta akaanza kulikandakanda polepole, bila kulisugua, bila kulivuta. Alikuwa hajafua nguo ya mteja miaka mingi. Kazi yake ilikuwa moto, maji yalikuwa ya mwenzake. Vidole vikamfanya makunyanzi. Kutoka ndani alisikia upepo wa Kimbunga ukivuma na mdogo mtu akipiga mayowe, na alijua Mama Povu ameketi kwenye kiti chake, anamngoja mtu wake atokee.

Akajisemea, basi, nimelikoroga. Ajabu ni kwamba alijisikia mwepesi. Jua lilikuwa limeanza kulegea, matone yalidondoka kutoka kwenye mashuka, na sweta lilikuwa linatoa jasho lake lote ndani ya maji. Akamwaga, akachota mengine, akasuuza.

Tamthilia ikaisha. Nyayo zikaja. Mama Povu akageuza ndoo kichwa chini, akaikalia karibu na karo.

"Leo umekosa," alisema.

"Najua."

"Nikusimulie?"

"Nisimulie."

"Basi Kimbunga wamemjua. Mji mzima! Wamempa jumba, lina kapeti mpaka bafuni. Wamemfanyia sherehe uwanjani, watu kama mchanga. Na Bwana Sweta amekwenda. Amesimama nyuma kabisa, wanamsukuma, haoni hata kiatu cha mtu. Kuna mtoto mbele yake naye haoni. Unajua alifanya nini? Amembeba mabegani! Na magoti yale! Sherehe nzima yeye ameona nguo za mtoto tu." Mama Povu akapangusa pua. "Jioni akarudi kwenye jengo. Akapanda, ghorofa kwa ghorofa. Akafungua komeo la paani, akaurudishia mlango."

"Lakini kijana ameshahama."

"Ndiyo nakwambia! Amehama, na bado anaufungua. Siku ya kwanza hakuna mtu. Ya pili hakuna mtu. Mdogo wangu ananiambia, dada, mzee amechanganyikiwa. Nikamwambia nyamaza wewe. Ya tatu, mlango ukasukumwa. Kimbunga huyo. Ameshindwa kulala kwenye jumba, limemzidi ukubwa."

Mistari aliacha kukanda. "Bwana Sweta akasema nini?"

"Akamwambia, lifti imeharibika, itabidi upande kwa ngazi."

"Akamwambia nani? Kimbunga?"

"Kimbunga!"

"Mtu anayeruka?"

"Mtu anayeruka!"

Wakatazamana. Mama Povu akaanza kucheka kwanza, tumbo likimtikisika juu ya ndoo, kisha Mistari, kisha wote wawili wakacheka mpaka mdogo mtu akachungulia dirishani kuona kuna nini, akarudisha kichwa kimya kimya, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

Mistari akalitoa sweta majini, akalibana kwa viganja lisinyongeke. "Hili haliwezi kutundikwa," alisema. "Litavutika."

"Ngoja." Mama Povu alikwenda akaleta taulo kubwa, akalitandaza juu ya ubao. Wakalilaza sweta katikati, mikono yake wakainyoosha sawasawa, huyu upande huu, yule upande ule. Wakaanza kuliviringisha pamoja na taulo, wanakandamiza maji yatoke.

"Uliona uzi," alisema Mistari.

"Niliuona ulipogeuka tu. Nikasema ngoja nione atajieleza au atajificha." Mama Povu akakandamiza ncha yake. "Na mimi nilikuwa najificha, kama unataka kujua. Wiki nzima. Nimewafulia watu nguo zao maisha yangu yote, nikaogopa kuhama uani kwangu. Ningekujibu siku ile ile, lakini shati likaungua, halafu nikaona haya kuanza mwenyewe."

Mistari akageuza taulo, akashika upande mkavu, akaendelea kuviringisha.

"Jibu ni ndiyo," alisema Mama Povu. "Ila kule nyumbani kila mtu anafua zake."